Laana ya Hamu: fungueni Mwanzo 9 mnionyeshe ni wapi mtu mweusi alilaaniwa

Kisangura (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jumapili iliyopita baada ya ibada tulibaki chini ya mparachichi nje ya kanisa, wanaume kama tisa hivi, tukiongelea pampu ya kisima cha kitongoji. Mota imeungua tangu mwezi wa pili. Kila kaya ilishachanga elfu tano ya matengenezo. Daftari lipo, majina yapo, sahihi zipo, hela haipo. Kina mama wamerudi kuteka mtoni. Mmoja wetu akauliza, jamani, mhazini tunamuuliza lini? Kimya. Ndipo mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu kweli, akashusha pumzi akasema: "Aah, ndiyo sisi tena. Watoto wa Hamu. Tulishalaaniwa." Wote wakacheka, wakajikung'uta vumbi, wakaenda kula.

Kicheko kile ndicho kilichonileta hapa. Tunaisema sana hii. Daladala ikikatika breki, mtu akiiba nyaya za umeme, hospitali ikikosa glavu, utasikia "mtu mweusi kalaaniwa". Wengine wanatania, lakini wengi wanaamini kabisa kwamba imeandikwa. Mimi mwenyewe niliamini hadi nilipokuwa na miaka ishirini na kitu, kwa sababu niliisikia kwa watu wazima na sikuwahi kufungua kitabu kuhakikisha.

Sasa tufungue. Mwanzo 9, kuanzia mstari wa 18. Nuhu ametoka safinani, analima, anapanda mizabibu, anakunywa, analewa, analala uchi hemani. Hamu anaona, anatoka nje kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wanachukua nguo, wanaingia kinyumenyume, wanamfunika mzee. Nuhu anazinduka, anajua alichotendewa. Halafu mstari wa 25: "Na alaaniwe Kanaani, Atakuwa mtumwa kabisa kwa ndugu zake."

Kanaani. Sio Hamu. Kanaani ni mtoto wa Hamu, na Hamu hakuwa na mtoto mmoja. Geuza ukurasa, Mwanzo 10:6, wapo wanne: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Wanaohusishwa na Afrika ni wale watatu wa kwanza. Kushi ni nchi ya kusini mwa Misri, Sudan ya leo kwa sehemu kubwa. Misri inajulikana. Putu wengi huipeleka upande wa Libya. Aliyelaaniwa ni yule wa nne, na nchi yake ndiyo ile Waisraeli waliyokuja kuingia na Yoshua. Yaani katika ndugu wanne, tumechukua laana ya yule asiye wetu tukaivaa.

Na angalia nani anayelaani. Mungu hasemi neno lolote pale. Anayesema ni mzee aliyeamka na mning'inio wa pombe. Neno la Mungu kwa familia ile lilishatoka juu kidogo, 9:1, na lilikuwa baraka: alimbariki Nuhu na wanawe, Hamu akiwemo. Rangi ya ngozi haitajwi popote katika habari hiyo. Hata kwa bahati mbaya.

Karibuni. Anayetaka kupinga aje na andiko.

Siti ya Dirishani

Naweka kambi hapa na karanga zangu. Watumishi waje.

Mtumishi Asiyechoka

Mleta uzi, shalom. Unapotosha watu. Ni kweli aliyetajwa ni Kanaani, lakini laana hushuka kutoka kwa baba. Kutoka 20:5, Mungu anawapatiliza wana maovu ya baba zao. Na Yeremia 13:23 inauliza kama Mkushi aweza kuibadili ngozi yake. Hilo ni neno la Mungu, sio langu. Angalia pia hali halisi: bara gani linaongoza kwa vita, njaa na viongozi wezi? Matunda unayaona, halafu unakataa mti.

Kisangura

Mtumishi, shalom na asante kwa kuja na maandiko. Twende nayo.

Kutoka 20:5 haikuishia hapo ulipoikatia. Inasema hata kizazi cha tatu na cha nne. Tangu Nuhu mpaka mimi na wewe ni vizazi vingapi, mtumishi? Na mstari wa 6 unasema rehema zinakwenda kwa maelfu. Halafu Ezekieli 18 yote imeandikwa kwa ajili ya watu waliokuwa uhamishoni wakisema kama tunavyosema sisi, kwamba tunaumia kwa makosa ya baba zetu. Walikuwa na methali yao ya zabibu mbichi na meno ya watoto kutiwa ganzi. Mungu akawaambia waache kabisa kuitumia. Mstari wa 20, mwana hatauchukua uovu wa baba yake.

Yeremia 13:23: nani anakemewa pale? Yuda. Nabii anawaambia, ninyi mliozoea mabaya mtabadilika lini, wakati Mkushi habadili ngozi wala chui madoadoa yake. Kama Mkushi amelaaniwa kwa mstari huo, basi na chui naye amelaaniwa.

Na kwa kuwa umemleta Yeremia, usimwache nusu. Nenda sura ya 38. Yeremia ametupwa kisimani kwenye matope afe huko. Wakuu wote wa Yerusalemu wamenyamaza. Anayekwenda kwa mfalme kumtetea ni Ebedmeleki, Mkushi. Akaenda stoo ya jumba la mfalme akachukua matambara makuukuu, akayashusha kwa kamba, akamwambia nabii ayaweke chini ya makwapa ili kamba zisimchubue. Mimi kila nikisoma hapo nasimama. Mtu anaokoa maisha ya mwenzake kwa haraka, wakuu wanaweza kumgeukia wakati wowote, na bado anafikiria makwapa! Sura inayofuata Mungu anatuma ujumbe kwa jina lake kwamba ataokoka mji ukianguka. Huyo ndiye Mkushi wa Yeremia.

Halafu kuna hesabu moja haikubali. Kama wana wa Hamu waliandikiwa kuwa watumwa wa wana wa Shemu, Israeli walikuwa wanafanya nini Misri? Misri ni mtoto wa Hamu. Israeli ni uzao wa Shemu. Walifyatua matofali kule miaka na miaka, na hao hao wana wa Hamu ndio wenye mijeledi. Na 2 Wafalme 19:9 inamtaja Tirhaka mfalme wa Kushi akitoka kupigana na Ashuru, siku za Hezekia. Wanahistoria wanamwita Taharka, na ukoo wake wa Kushi ulikuwa umetawala Misri yenyewe. Laana gani hiyo inayokupa kiti cha farao?

Hilo la vita na viongozi wezi nitarudi kwake.

Fundi Bomba

Nje ya mada kidogo. Mota ya pampu ya kisima kuungua mara nyingi ni mambo mawili: umeme mdogo, au maji yameshuka pampu ikazunguka kavu. Kabla hamjanunua nyingine pimeni kina cha maji, na mfunge kifaa cha kuzima ikikauka. La sivyo mtachanga tena mwakani, Hamu au hakuna Hamu.

Kisangura

Fundi, umenisaidia kuliko wote. Nitakufuata inbox.

Pwani Moja

Assalaam aleikum wana jukwaa. Mimi ni Muislamu, ila naomba niingie, maana maneno haya si ya Wakristo peke yao. Huku kwetu nayo yalisemwa, na waliofaidika nayo ni waliokuwa na majahazi na mashamba ya karafuu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na pale Mkunazini ndipo Waanglikana wakajenga kanisa lao. Miaka yote kabla ya hapo wapo waliojituliza nafsi kwa kisa hiki cha Hamu.

Lakini wapo wanazuoni wetu waliokataa zamani sana. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, katika kitabu chake Mukadima cha karne ya 14, aliwataja wanaosema weusi ni weusi kwa laana ya Nuhu, akasema Taurati haitaji weusi wowote hapo, ila tu kwamba watoto wake watakuwa watumwa wa ndugu zao. Akasema rangi inatokana na hali ya hewa ya nchi. Na Ahmad Baba wa Timbuktu, mwanachuoni wa Kiafrika, aliandika mwaka 1615 akijibu maswali juu ya utumwa, naye akaikataa hoja ya Hamu. Kwake sababu ya mtu kutekwa ilikuwa ukafiri, si rangi. Nalo lina shida yake, siwezi kulipaka asali, ila rangi aliitoa mezani.

Kwa hiyo mtu asiseme "zamani wote waliamini hivyo".

Kisangura

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umenipa mlango.

Kwa sababu swali linalonisumbua ni hili: kama haimo kwenye maandiko, iliingiaje? Kwanza hadithi zilikua juu ya hadithi. Marabi walikuwa na masimulizi kwamba Hamu alikosa ndani ya safina akaadhibiwa katika ngozi yake. Ni masimulizi, hayamo Mwanzo. Wareno walipoanza kuteka watu pwani ya Afrika Magharibi karne ya 15, mwandishi wao Gomes Eanes de Zurara alihitaji sababu, akaandika kwamba weusi wako chini ya laana ambayo Nuhu alimwekea mwanawe Kaini. Kaini! Kaini alikuwa mtoto wa Adamu, alishakufa zamani gharika haijaja. Alichanganya Kaini na Hamu, na mpaka leo ukiuliza mtaani utaambiwa mara Kaini, mara Hamu.

Kusini mwa Marekani karne ya 19 hilo ndilo lilikuwa hubiri la kawaida la wenye mashamba ya pamba. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland, aliwajibu mwaka 1845 kwa hesabu tu: kama ni uzao wa Hamu peke yake unaoruhusiwa kuwa mtumwa, basi utumwa wenu unaelekea kuwa kinyume cha maandiko, maana kila mwaka wanazaliwa watumwa ambao baba zao ni mabwana weupe. Alijua anachosema. Yeye mwenyewe baba yake alisemekana kuwa mzungu.

Na ikafika kwetu. John Hanning Speke, mtafuta chanzo cha Nile, alikaa Karagwe kwa mfalme Rumanika mwishoni mwa 1861. Kitabu chake cha safari kilitoka 1863, na humo anaandika kwamba Hamu alilaaniwa na baba yake awe mtumwa wa Shemu na Yafethi, na kwamba hali ya Waafrika aliyoiona ni ushahidi kuwa maandiko ni kweli. Mtu anapita nchi ambayo misafara ya watumwa imeichoma, anaona vijiji vimekimbiwa, halafu anasema amemwona Nuhu.

Mngara

Mkuu Kisangura, hapo kwa Speke umeishia njiani. Acha niendelee, maana mimi ni wa Ngara na hili limenipitia usoni.

Huyo huyo Speke alipoona falme zenye utaratibu, Karagwe, Buganda, alishindwa kukubali kwamba ni kazi ya Waafrika wa hapa. Akasema watawala wametoka Uhabeshi. Wazungu waliomfuata wakamgeuza Hamu kabisa: Hamu wa laana akawa Hamu wa sifa. "Wahamu" wakawa ni watu bora walioshuka kutoka kaskazini wakaleta akili kwa Wabantu. Mwingereza Seligman aliandika hivyo wazi mwaka 1930, na ikafundishwa. Kule Rwanda Wabelgiji wakawaweka Watutsi kwenye fungu hilo, na miaka ya 1930 wakawapa watu vitambulisho vyenye kabila.

Matokeo yalikuja baadaye. Tarehe 22 Novemba 1992, Léon Mugesera, mwanasiasa wa chama tawala, alisimama Kabaya akawaambia watu kwamba Watutsi kwao ni Ethiopia, na watarudishwa kwa njia ya mkato, kwa mto Nyabarongo. Nyabarongo inaingia Akagera. Akagera inapita chini ya daraja la Rusumo, kwetu.

1994, mwaka wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, nilikuwa na miaka kumi. Mwishoni mwa Aprili watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja lile kwa siku moja hivi, moshi wa kuni ukafunika vilima vya Benaco, palipokuwa kambi ya wakimbizi. Lakini ninachokumbuka mimi ni kabla ya hapo, mto. Mama alitukataza kwenda. Tulikwenda. Sitaeleza tulichoona. Nitasema tu kwamba kwa muda mrefu nyumbani hatukula samaki.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwa utani "sisi wana wa Hamu", mimi sicheki.

Siti ya Dirishani

Karanga nimeweka chini. Pole sana kaka Mngara.

Mama Wawili

Poleni wote. Mimi nina swali dogo lakini limenigharimu.

Miaka mitatu iliyopita biashara yangu ya vitenge ilianguka. Nikapelekwa na rafiki kwenye huduma moja, sitaitaja. Tukaambiwa sisi weusi tuna laana tatu: ya Hamu, ya ukoo na ya jina. Kila moja ina sadaka yake ya kuvunjia. Tulipewa karatasi tuandike majina ya bibi na babu mpaka kizazi cha nne, tukayaweka kwenye karai la plastiki lenye maji na chumvi. Mimi sikujua majina ya upande wa baba zaidi ya babu, nikaandika "sijui, sijui, sijui". Mhudumu akaangalia akasema hapo kwenye sijui ndipo laana ilipojificha, kwa hiyo pale unaongeza. Niliongeza. Nilitoa na hela ya ada ya mtoto.

Biashara haikurudi. Ilikuja kurudi nilipogundua kwamba binti wa dukani alikuwa anauza mali yake pembeni ya mali yangu. Swali langu: nilimkosea Mungu kwa kwenda kule?

Kisangura

Dada yangu, pole. Hukumkosea. Ulikuwa unatafuta msaada, na aliyekupokea ndiye mwenye la kujibu. Hao bibi zako usiowajua majina, Mungu anawajua, na hawajajificha kwenye karai.

Wagalatia 3:13, Kristo alitukomboa katika laana ya torati kwa kufanywa laana kwa ajili yetu. Kama mtu anakubali msalaba umebeba laana ya Mungu mwenyewe, anawezaje kusema umeshindwa na ya Nuhu, mpaka iongezwe ya bahasha?

Hata huyo Kanaani aliyelaaniwa kwa jina, fuatilia uzao wake. Rahabu wa Yeriko ni Mkanaani. Mathayo 1:5 inamweka kwenye ukoo wa Yesu. Mathayo 15, mwanamke Mkananayo anamfuata Yesu kwa ajili ya binti yake, wanafunzi wanataka afukuzwe kwa kelele zake, na anaondoka akiwa ameambiwa imani yake ni kubwa. Laana ya kweli, ya kuandikwa, ilishindwa kumzuia bibi mmoja wa Yeriko asiwe nyanya wa Mwokozi.

Mtumishi Asiyechoka

Nimesoma yote, nimerudia na Ezekieli 18. La Hamu nitalitafakari, nakiri nilifundishwa nikafundisha. Lakini laana za ukoo zipo, nimeona kwa macho. Na hujajibu kuhusu hali ya bara.

Kisangura

Mtumishi, kukiri hivyo mbele ya watu si jambo dogo. Nakuvulia kofia. La ukoo tutalifungulia uzi wake, hatutalimaliza hapa.

Kuhusu hali ya bara. Mimi sisemi hakuna shida, nimeanza na pampu. Ninachosema ni kwamba laana ya Hamu inafanya kazi moja nzuri sana kwa mwizi: inamwondoa. Pale chini ya mparachichi swali lilikuwa "mhazini tunamuuliza lini", na mhazini ana jina, ana simu, ana pikipiki mpya. Neno moja tu la Hamu, swali likafa. Bwana wa shamba la pamba alilitumia neno hilo asimuulize mtu kuhusu mjeledi wake. Sisi tunalitumia bure, bila hata shamba, kukwepa kumuuliza jirani yetu shilingi zetu. Kuna woga ndani yake pia, tusidanganyane. Mhazini ni shemeji wa mtu, na kesho mtazikana.

Sasa matokeo. Jana jioni nilikwenda kwa yule mzee. Nikamsalimia, nikakaribishwa chai, nikamwomba anisomee Mwanzo 9:25 kwa sauti, nikasema macho yangu yamechoka. Akavaa miwani akasoma. Akanyamaza. Akarudia kimoyomoyo, midomo ikitembea. Akarudi juu kwenye mstari wa 18, akashuka tena. Halafu akavua miwani akaniangalia.

"Kumbe ni Kanaani."

Nikasema ndiyo, mzee.

Akakaa kidogo. Biblia ile anayo tangu 1971, kurasa za Zaburi zimeshonwa kwa uzi. Akasema, "Na mimi nimeisema madhabahuni hii." Sikujibu. Mama akaongeza chai.

Tulipomaliza akaniuliza lile daftari la michango liko kwa nani. Nikamwambia kwa katibu. Akasema mwambie katibu aje nalo Jumamosi saa nne, chini ya mparachichi, na mhazini aje na risiti.

Fundi Bomba

Mrejesho muhimu mkuu.

Kisangura

Mhazini ametuma ujumbe asubuhi hii kwamba anaumwa. Mzee amejibu kuwa kikao kitafanyikia nyumbani kwake, tutamwombea hapo hapo.